Kona ya Jiwe la Sabini na Nne

Treni ya umeme haitangulizi sauti. Hilo ndilo jambo la kwanza Misnan alilofundishwa nyaya zilipotandazwa juu ya reli, na ndilo alilolikumbuka kila alfajiri alipokuwa akifunga mkoba wake kiunoni. Zamani, enzi za injini za dizeli, ungeisikia ikikoroma kutoka kijiji cha pili, ukamalizia sigara yako, ndipo ukasogea pembeni. Hii ya umeme huja kama mtu aliyevua viatu. Unasikia reli inanong'ona chini ya soli, na ukigeuka imeshafika.

Kazi yake ilikuwa kutembea. Alitembea juu ya mataruma, mihimili iliyolazwa chini ya reli, na nyundo ya mpini mrefu, akigonga reli na kusikiliza. Reli nzima hulia kama kengele. Iliyolegea hulia kama sufuria yenye ufa. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mrefu, mkimya, mwenye aibu kiasi kwamba hata sokoni hakuthubutu kuuliza bei mara mbili. Mkewe Rukoyah, mpika emping, vile vitafunio vya kukaanga vya mbegu za melinjo, alizoea kuwaambia majirani, "Huyu wangu, hata kuku wakiingia jikoni huwaomba radhi kabla ya kuwafukuza." Watu walicheka, na Misnan naye alicheka, akitazama chini.

Kila asubuhi alitoka stesheni ya Cibolang akatembea kilomita tano kuelekea Ranca Kiara, hadi kwenye jiwe lenye namba sabini na nne. Upande wa pili, kutoka Ranca Kiara, alikuja Sarkim, naye kilomita tano. Hapo jiweni kila mmoja alitia sahihi katika kitabu cha mwenzake, wakabadilishana vitabu, kila mmoja akarudi alikotoka. Kitabu cha Ranca Kiara kikionekana Cibolang, na cha Cibolang kikionekana Ranca Kiara, wakubwa wanajua kwamba njia yote imekanyagwa. Mtu mmoja peke yake hawezi kudanganya. Waliotunga utaratibu huo waliwaza kila kitu isipokuwa kwamba watu wawili wanaweza kupendana.

Nao walipendana. Mwaka ule nyaya zilipowashwa, Misnan alikuwa ameinama anakaza nati, hajui lolote, Sarkim akamshika kola kwa nyuma akamtupa mtaroni. Upepo wa treni ukachukua kofia yake. Sarkim alisimama juu yake akihema, kisha akasema, "Kofia ilikuwa mbaya hata hivyo." Tangu siku hiyo Misnan alimwita Kang, kaka, si kwa sababu ya miaka mitatu aliyomzidi tu.

Mambo yalianza baada ya Idi. Goti la Sarkim lilikuwa limevimba kama papai. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na alijua kwamba daktari wa kazini akiliona goti lile, atatolewa njiani na kukalishwa ghalani kuhesabu misumari, na marupurupu ya njiani yapotee. Basi siku moja akafika kibandani kwa Teh Iroh, dada muuza kahawa, kabla Misnan hajafika jiweni.

Kibanda hicho cha kahawa kilikuwa mahali reli inapoanza kupinda ukitoka Cibolang. Kutoka hapo reli huzunguka bwawa la zamani kwa kona ndefu ya mita mia nane, na jiwe la sabini na nne liko katikati ya kona. Lakini kuna njia ya miguu inayokata moja kwa moja katika shamba la mpira, kutoka mwisho mmoja wa kona hadi mwingine, nayo haifiki hata robo ya mwendo ule. Sarkim alikuwa amepita humo.

"Nan! Njoo ukae," aliita, mguu ameunyoosha juu ya benchi. "Leo jiwe limekuja kunywa kahawa."

"Kang, na kona je?"

"Kona imeniagiza nikusalimie." Alimsogezea glasi. "Tangu waiweke, umeona nini pale? Umeona vyura. Lete kitabu nisaini."

"Wakijua?"

"Nani atawaambia? Mimi sisemi. Wewe ndio kabisa, hata ukiungua moto huiti mtu." Sarkim alicheka hadi akakohoa. "Unadhani nimebuni mimi? Nimejifunza kwa wale wa darajani, kule mbele ya Cibolang. Wao wana mwaka wa pili huu, wanakutana kwa muuza tofu. Daraja limeanguka?"

Misnan alitazama goti lile. Akatoa kitabu.

Angeweza kuikagua kona peke yake baada ya kahawa. Alilifikiria hilo siku ya kwanza, na ya pili, na ya kumi. Lakini kumwacha Kang amekaa na goti lake, yeye akainuka na nyundo kwenda kuitazama kona, kungekuwa kama kumsuta mbele ya Teh Iroh. Hakuweza. Alikuwa mtu wa kuona haya, na haya hiyo ilimkalisha kwenye benchi miezi mitano.

Mwezi wa tano wa kahawa hizo Teh Iroh alitandika kitambaa chini ya glasi zake.

"Za nini hizo nguo?" Sarkim alimuuliza. "Glasi zinasikia baridi?"

"Zinatembea," alisema Teh Iroh, mjane mnene asiyependa mzaha kabla jua halijapanda. "Treni ya kwenda mjini ikipita kwenye kona, zinatembea kwenye rafu. Juzi mbili zimejitupa. Zamani hazikuwa hivi."

"Rafu yako mbovu, Teh."

"Rafu aliipigilia marehemu. Marehemu alikuwa mbovu kwa mengi lakini si kwa misumari."

Sarkim alicheka. Misnan hakucheka. Alisubiri treni iliyofuata huku kahawa ikipoa. Ikapita, mabehewa yake kumi ya rangi ya fedha, yale yaliyonunuliwa yakiwa yametumika nje na bado yana vibao vya maandishi ya kigeni ambayo hakuna ayajuaye. Ikaingia konani. Akasikia mlio wa kawaida wa magurudumu, kisha, mahali fulani karibu na jiwe, kitu kama mtu anayepiga godoro kwa ngumi. Duf. Kila behewa, duf. Glasi zikasogea kidogo juu ya kitambaa, zote upande mmoja.

"Umesikia, Kang?"

"Nimesikia kahawa yako inalia, imepoa. Kunywa twende."

Jumapili ile Yuyun, binti wa Misnan na Rukoyah, alikuja kuwatembelea. Alikuwa ameolewa Ranca Kiara na alishona mapazia Tanah Abang, mjini Jakarta, kwa hiyo kila siku ya kazi alipanda treni ya saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili. Alikuwa msemaji kama mama yake. Huku akitafuna emping alisimulia habari za behewa la kwanza, behewa la wanawake, nani amegombana na nani kwa ajili ya kiti.

"Na sasa tuna mchezo, Abah," alimwambia baba yake. "Pale kwenye kona ya bwawa, treni inainama, halafu vile vishikio vya juu vyote vinakwenda upande mmoja vinagongana, pa! Basi behewa zima tunaitikia, 'Amin!' Hata waliolala wanaamka kuitikia. Juzi bibi mmoja mgeni akauliza, nani ameomba dua?"

Rukoyah alicheka akafuta machozi. Misnan aliweka kijiko chini.

"Inainama upande gani?"

"Upande wa bwawa. Kwa nini?"

"Tangu lini?"

"Sijui. Mwanzo ilikuwa kidogo tu. Siku hizi Amin yetu imekuwa kubwa." Alimtazama baba yake. "Abah, si ndiyo njia yako ile? Si unaikagua wewe?"

"Ndiyo," alisema Misnan. Kisha akainuka kwenda kuiweka nyundo yake karibu na mlango.

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, na Jumatatu walisaini tena kwa Teh Iroh. Siku ya Jumanne ilikatika alfajiri, na Misnan akaondoka Cibolang mapema kuliko kawaida, akitembea haraka na kugonga kwa haraka. Alipokaribia kibanda alisikia vyura. Walikuwa wengi, wanalia kwa pamoja kama kinu, na walilia upande wa kushoto wa reli, upande wa mlimani, ambako hakukuwa na bwawa.

Sarkim alikuwa hajafika. Teh Iroh alikuwa anawasha jiko.

"Maji yamepanda huko nyuma," alisema bila kugeuka. "Wenye mashamba wanasema kalvati, ile ya kupitisha maji chini ya reli, imeziba tangu mwezi jana. Nilidhani ninyi mnajua, ninyi ndio watu wa reli."

Misnan hakukaa. Kwa mara ya kwanza tangu Idi, aliingia konani.

Majani yalikuwa yameota katikati ya mataruma hadi kufikia magotini. Hilo peke yake lilimtia baridi, kwa maana njia inayotembewa haioti majani ya namna ile. Kushoto maji yalikuwa yamesimama, meusi, yamefika karibu na kokoto. Kulia bwawa. Katikati tuta, na juu ya tuta reli mbili, ya kwenda mjini na ya kurudi, na yeye.

Aligonga. Kengele. Akapiga hatua, akagonga. Kengele. Hatua thelathini kabla ya jiwe akagonga tena, na reli haikulia kabisa. Ilitoa sauti ya kitu kilichoning'inia.

Alipiga magoti akaingiza mkono chini ya taruma. Mkono ukaenda hadi kwenye kiwiko bila kugusa kitu. Chini, mbali kidogo, alisikia maji yanapita. Kokoto zilikuwa zimeondoka, udongo umeondoka, na mataruma saba ya reli ya kwenda mjini yalikuwa yananing'inia kwenye vyuma kama nguo kwenye kamba.

Saa yake ilisema saa kumi na mbili na dakika hamsini na moja.

Alipiga simu stesheni ya Ranca Kiara, treni inakotoka. Simu iliita mara nne.

"Zuia ya hamsini na mbili," alisema. "Kona ya sabini na nne. Chini hakuna kitu."

"Nani mwenzangu?"

"Misnan. Zuia treni!"

Kiti kiliburuzwa. Kisha sauti ya karani ikabadilika. "Mang Misnan, imewahi leo. Ndiyo imetoka sasa hivi. Ngoja nimtafute dereva kwenye redio. Una mtu upande huu? Sarkim yuko wapi? Mwambie ainue bendera!"

Kwa mujibu wa kitabu, wakati huo Sarkim alipaswa kuwa anakuja juu ya reli, upande ule treni inakotokea, na bendera nyekundu mkobani. Angeliikunjua tu. Lakini Sarkim alikuwa ndani ya shamba la mpira, anachechemea kati ya miti, hana habari.

Misnan alitupa nyundo akakimbia. Alikimbia kuelekea treni inakotoka, akiwa ameshika bendera, viatu vikiteleza kwenye mataruma mabichi. Akalipita jiwe. Hakusikia chochote. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba hakusikia chochote. Kisha reli ikaanza kunong'ona.

Ikatokea mwishoni mwa kona, taa zake mbili zikiwaka, kimya, kubwa. Alisimama katikati ya njia akapunga bendera kwa mikono miwili. Mtu huyu ambaye hajawahi kupaza sauti mbele za watu alikuwa anapiga kelele, na hakujua anasema nini. Honi ikalia. Breki zikalia. Akajitupa mtaroni, kama alivyotupwa miaka ile, na safari hii hakuwepo wa kumtupa.

Treni ilimpita ikisaga, ikipunguza, ikisaga. Ikalipita jiwe. Ikaenda polepole kama mtu anayenyata, na magurudumu ya mbele ya behewa la kwanza yakapanda juu ya mataruma yale, na behewa likainama upande wa bwawa. Madirisha yalikuwa wazi kidogo juu. Misnan alisikia vishikio vikigongana, pa! Na sauti za wanawake mia, kwa mazoea, zikaitikia, "Amin!"

Kisha treni ikasimama, na nyuso zikarudi nyuma kutoka madirishani. Walikuwa wameona maji.

Waliwatoa wanawake wale kupitia behewa la nyuma, mmoja mmoja, hakuna hata mmoja aliyechubuka. Yuyun alimwona baba yake amekaa juu ya jiwe la sabini na nne, ameloa tope hadi kifuani. Alimshika mkono.

"Abah umetuokoa," alisema, na wenzake wakaanza kulia, na mmoja akataka kumbusu mkono. Misnan aliuvuta mkono wake kama umeungua.

Treni nyingine ililetwa kwenye reli ya pili, ile ya ndani ya kona, ambayo ilikuwa bado imara, ili iwachukue abiria iwapeleke mjini. Ingepita polepole hadi kibandani, kisha ingeshika mwendo wake.

Sarkim alifika kwa kupitia reli sasa, kijiti mkononi, uso wa kijivu. Alitazama lile shimo. Kisha akaongea kwa sauti ya chini kabisa.

"Nan. Nisikilize. Pak Wiyoto anakuja na pikipiki. Mimi kitabu changu nimeshakijaza pale kwa Iroh, saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, tumekutana jiweni. Nilidhani umekwenda kujisaidia vichakani." Alimeza mate. "Ni vizuri tu. Tumekutana, tumeona shimo, wewe ukakimbia na bendera, mimi goti nikabaki. Watatupa vyeti. Mvua ya usiku ndiyo imelikata tuta. Nani atabisha? Mvua haisemi."

"Na majani, Kang?"

"Majani gani?"

"Yako magotini."

Sarkim alitazama majani. Akainama, mzee wa watu na goti lake, akaanza kuyang'oa kwa mikono. Misnan hakuweza kutazama.

Pak Wiyoto, msimamizi wa njia, alikuwa mtu wa Java, mpole wa maneno, buti safi. Alimshika Misnan bega. "Kazi nzuri sana, Pak Misnan. Treni nzima hii." Akatoa kalamu na karatasi. "Tuandike upesi. Jana njia hii ilikuwa salama, siyo? Vitabu vinasema salama. Kwa hiyo ni mvua ya usiku mmoja. Nikiandika hivyo, tunajaza hapa, kesho kutwa treni zinapita, na sehemu nyingine za njia hatuna haja ya kuzikagua."

Sarkim, na majani mkononi, alimkodolea Misnan macho. Macho yale hayakuwa na mzaha tena. Yalikuwa macho ya yule aliyemshika kola.

Nyuma yao treni ya pili iliondoka. Misnan alimwona Yuyun dirishani anapunga mkono. Ikapita polepole, ikafika kibandani, ikashika mwendo. Ikaelekea Cibolang, na baada ya Cibolang, darajani.

*Wanakutana kwa muuza tofu. Mwaka wa pili huu.*

"Pak," alisema Misnan. Akaweka kiganja juu ya karatasi. "Pak, usiandike usiku mmoja."

"Nan," alisema Sarkim.

"Sijui jana palikuwaje. Hakuna aliyepita hapa jana. Hatujapita hapa tangu Idi. Tulikuwa tunabadilishana vitabu pale kwenye kahawa. Sahihi zote ni za kahawa."

Kalamu ya Pak Wiyoto ilibaki hewani. Sarkim aliketi chini, palepale juu ya kokoto, kama mtu aliyekatwa miguu yote miwili.

"Unajua unachosema?" aliuliza Pak Wiyoto polepole. "Unajua nitalazimika kuandika nini? Wewe na huyu?"

"Najua. Andika." Misnan alitoa kitabu mkobani akamwekea mkononi. Maneno yalikuwa yameshafunguka, na yalitoka yote. "Lakini kabla hujaandika, piga simu Cibolang. Wale wa darajani nao hawafiki katikati. Wana mwaka wa pili. Mwambie dereva apite daraja kwa mwendo wa mtu. Asimame kabisa, ikiwezekana. Piga sasa, Pak."

Pak Wiyoto alimtazama Sarkim. Sarkim aliinamisha kichwa, na huko kuinama kulikuwa jibu.

Msimamizi akatoa simu. Ikaita. Misnan alitembea hatua chache mbali nao, akapiga magoti kwenye reli ya pili, akalaza sikio lake juu ya chuma. Kilikuwa bado na baridi ya asubuhi. Mbali sana ndani yake aliisikia treni inakwenda, nyepesi, imeshika mwendo, na nyuma yake Pak Wiyoto anasema, "Haloo? Haloo, Cibolang?"

Mnong'ono ule ulianza kupungua. Ukapungua tena. Hakujua kama ni umbali, au ni breki. Alifumba macho, akafanya kazi yake, akasikiliza.